Mkono Mtupu

Koko Eulalie hakuwahi kugusa ordinateri, yaani kompyuta, maishani mwake, lakini ile iliyoingia nyumbani kwake Cimpunda asubuhi ile aliipangusa kama anavyopangusa sanamu ya Bikira: kwa ncha ya kitenge, polepole, akizunguka kila pembe, asibonyeze kitu. Ilikuwa ya Destin, kijana anayesoma pamoja na mjukuu wake Ornella. Destin aliileta chini ya koti kwa sababu ya mvua, akaiweka kwenye meza ya kulia, kati ya termosi ya chai na sahani ya viazi vitamu vilivyobaki jana, akasema anapita kwanza kwenye mazoezi ya korali, akitoka huko atakuja kuichukua.

"Koko, courant haiko, munatumia batri tu. Musicheze muziki, itakufa mbio."

"Muziki gani, mutoto wangu? Sisi hapa tuko na kilio."

Destin akacheka, akatelemka mteremko akirukaruka madimbwi. Koko hakucheka.

Kilio chenyewe kilikuwa hiki. Ornella alikuwa anasoma informatique, elimu ya kompyuta, mwaka wa kwanza, na mwaka huo wa kwanza alikuwa anaurudia. Mchana ule assistant Honoré, kijana anayewasimamia katika kazi za vitendo, angeita wanafunzi mmoja mmoja kwa jina. Kila mmoja angetia flash yake kwenye ordinateri ya shule, na ordinateri ingesoma programu aliyoiandika. Ikitembea, unaendelea na wenzako. Ikikataa, umetoka kwenye somo, na asiye na somo lile hana mwaka. Na tonton Christophe, mtoto wa kwanza wa Koko, mwenye depo ya saruji kule Sange, ndiye anayemsomesha, na alikwisha kusema neno lake. Christophe si mtu wa kurudia neno.

"Akianguka tena, mama, ninamuchukua. Atakaa kwenye depo na muke wangu. Huku kuna kazi. Huko kwenu kuna kuzeeka na bic mkononi."

Koko alimlea Ornella tangu akiwa na meno ya maziwa. Alimzoea hata kwa masikio: jinsi anavyoburuta kandambili akiamka, jinsi anavyopiga sufuria kijiko mara mbili akimaliza kukoroga uji, jinsi anavyosoma kwa sauti akifikiri hakuna anayemsikia. Koko alijaribu kuifikiria nyumba ile bila sauti hizo, akaona ni afadhali afikirie kitu kingine. Akamimina chai.

"Kunywa kwanza," akasema. "Mashini haikimbii."

"Inakimbia, Koko. Ona batri."

Ornella akatia flash. Programu ilikuwa mle, nayo ilikuwa imeandikwa vizuri mno, maana iliandikwa na Delphin.

Delphin ana secrétariat yake karibu na soko la Kadutu, kibanda cha mbao chenye mashini mbili na rangi ya buluu mlangoni, ambapo watu huleta karatasi walizoandika kwa mkono ili azipige ziwe safi. Ndiye aliyepiga tangazo la kifo la marehemu muzee Alphonse, bwana wa Koko, na siku ile watu walilia mara mbili, mara moja kwa ajili ya marehemu na mara nyingine kwa uzuri wa herufi. Mapadri wanaleta kwake, mabibi harusi wanaleta kwake, wanafunzi wanaomaliza wanaleta kwake vitabu vizima. Basi Ornella alipoandika programu yake kwa bic kwenye karatasi, na kulalamika kwamba vidole vyake ni vizito kwenye mashini, Koko ndiye aliyesema: "Peleka kwa Delphin. Ule hana kosa."

Wakaenda wote wawili. Delphin akaipokea karatasi, akaishika mbali na macho, akakunja uso.

"Mutoto wa université, unaandika herufi ndogo tu mwanzo wa mustari?"

"Ndivyo inaandikwa, tonton."

"Inaandikwa wapi? Acha. Nitaitengeneza ikuwe ya mutu aliyesoma."

Na kweli akaitengeneza. Mbali na flash aliwapa na karatasi iliyopigwa, nyeupe, mistari imenyooka, na Koko akaitia kwenye plastiki ili mvua isiiguse.

Sasa Ornella akafungua ile kazi ya Delphin, akaichukua yote kwa mara moja, akaimwaga kwenye dirisha lingine. Hilo dirisha, akamweleza Koko, ndilo la compilateur. Compilateur ndiye anayesoma unachoandika na kukigeuza kiwe lugha ya mashini. Usipoandika anavyotaka, hasogei.

"Kama catéchiste Elysée akitusikiliza sala," akasema Koko.

"Kumupita Elysée. Elysée anasamehe."

Ornella akabonyeza. Chini ya dirisha maneno mekundu yakashuka, mstari juu ya mstari, mpaka Koko akasogeza kiti nyuma kama vile yangemwagika mezani.

"Yesu. Hizo zote ni nini?"

"Makosa."

"Ya Delphin?"

Ornella alikuwa amekwisha kuinama, pua karibu na kioo, karatasi yake ya mkono upande mmoja na ile ya Delphin upande mwingine. Akaona herufi kubwa ambazo Delphin alizitia mwanzoni mwa mistari, akazirudisha kuwa ndogo, kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kwenye mashini kama anayechagua mawe kwenye maharagwe. Akaona penye namba ya duara, ile 3.14 aliyofundishwa na assistant, Delphin ameondoa nukta na kuweka virgule, ule mkato, kama tulivyofundishwa sote shuleni kwa Kifaransa. Akairudisha nukta. Akabonyeza. Makosa yakapungua.

"Yanakwenda!" Koko akapiga makofi.

Lakini mengine yakabaki. Na yaliyobaki yalikuwa yanasema kitu kimoja tu, karibu kila mstari, na kitu chenyewe kilisemwa kwa Kiingereza. Ornella akakisoma herufi kwa herufi: stray. Stray, halafu 302, halafu in program.

"Stray ni nini?"

"Sijui, Koko. Assistant hakutufundisha hiyo."

Koko akatoa simu yake ya vibonyezo, akampigia Priscille, jirani aliyesoma Uganda na ambaye sasa anauza dawa huko mjini. Simu ikakata, ikashika, ikakata, ikashika.

"Priscille, mutoto wangu, stray ni nini kwa Kiingereza?"

"Stray? Ni kama imbwa ya kuzurura, Koko. Mbuzi yenye imepotea, haina mwenyewe. Kuna imbwa kwako?"

"Haiko imbwa, iko programu."

"Eh?"

Simu ikakata moja kwa moja.

Basi kuna kitu kimepotea ndani ya programu, kinazurura, na jina lake ni trois cent deux, mia tatu na mbili. Hilo Koko alilielewa. Utotoni, kule Nyangezi, alichunga mbuzi wa baba yake, na anajua mbuzi aliyepotea hatafutwi kwa kupiga kelele, anatafutwa kwa kupita kila kichaka. Akavaa miwani. Akachukua karatasi ya Delphin, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaanza kuitafuta trois cent deux.

Aliitafuta kwa uvumilivu wote alionao, na uvumilivu ndio mali pekee aliyowahi kuwa nayo ya ziada. Alipita kila mstari. Alipita nafasi kati ya mistari. Aligeuza karatasi nyuma. Trois cent deux haikuwepo. Hakukuwa na tatu yenye sifuri, hakukuwa na sifuri yenye mbili.

"Haiko hapa, mutoto wangu. Labda imebaki kwenye ile ingine."

"Niliitafuta. Haiko popote. Inaniambia iko, na haiko."

Sauti ya Ornella ilikuwa imeanza kukonda. Akafuta mstari mmoja, akauandika upya kwa mkono wake, akiiga karatasi ile ile. Akabonyeza. Kosa likarudi pale pale, limekaa kama mgeni asiyeaga. Akalinganisha tena. Kwenye karatasi yake, maneno ya kusemwa yamefunguliwa na kufungwa kwa guillemets, vile vibawa viwili viwili, kama masista walivyomfundisha kuandika dictée, yaani imla. Kwenye kioo, vibawa ni vile vile. Hakuna tofauti. Akabonyeza tena, bila kubadilisha kitu, kama mtu anayebisha hodi mara ya pili kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamesafiri.

Koko akatafuta la kufanya. Akaongeza chai kwenye kikombe kilichojaa. Akapangusa meza. Mwishowe akarudi kwenye karatasi, si kwa kutafuta tena, bali kwa kutaka tu kuwa karibu na kitu kinachomliza mtoto.

"Hii najua," akasema, akigusa neno. "Main. Sista alitufundisha. La main: mukono."

Ornella akapangusa macho. "Hapana, Koko. Hiyo ni ya Kiingereza. Maana yake ya kwanza, yenye ukubwa. Programu inaanzia pale."

"Basi imeandikwa sawa na mukono. Na hii void?"

"Vide. Tupu. Maana hatuipe kitu."

"Mukono mutupu," akasema Koko.

Ornella akamtazama, halafu kicheko kikamtoka, kicheko chenye kamasi, mpaka akaegemeza paji la uso begani mwa bibi yake. "Eh, Koko! Main void. Mukono mutupu. Ndiyo ile."

"Na mukono mutupu haulambwi," Koko akasema, kwa mazoea tu, kwa sababu methali ikishaanza haiachwi njiani. Mara akatamani asingeisema.

Destin alirudi akiwa amelowa, bado anaimba sauti ya tenor. Akatazama kioo kwa muda wa kumeza mate.

"Nani aliweka hizi ndege?"

"Ndege gani?"

"Hizi." Akaweka kidole juu ya guillemets. "Hizi ni za Kifaransa. Compilateur haizijui. Yeye anataka zile mbili za kusimama, sawa vijiti, ile assistant aliandika kwenye tableau kwa chaki."

"Mimi niliona vijiti, nikafikiri anaandika mbio tu," Ornella akasema. "Miye niliandika vizuri."

"Wewe uliandika vizuri! Ndiyo shida!"

Akaondoa ndege moja baada ya nyingine, akaweka vijiti. Koko akashika rozari iliyo mfukoni. Destin akabonyeza.

Trois cent deux ikabaki. Pungufu kidogo, lakini ikabaki, mwisho wa kila mstari.

"Ah, hii sasa..." Destin akakuna kichwa. "Hapa hakuna kitu. Ona, Koko, kuna kitu hapa?"

Koko akaangalia mahali alipoonyeshwa. Palikuwa na neno, na baada ya neno pana ile alama wanayoiita point-virgule, nukta juu ya mkato, na kati yao nafasi ndogo, nzuri, safi, ya kazi ya Delphin. "Hakuna kitu," akasema.

"Sasa analalamikia nini?"

Kioo kikawa cheusi. Batri ilikuwa imekwisha.

Wakashuka wote watatu kwa miguu mpaka shuleni, maana njia ilikuwa tope na mapikipiki yalikataa kupanda. Koko hakuambiwa aje wala hakuambiwa abaki. Sentineli, mlinzi wa shule, alipomwona na rozari na karatasi kwenye plastiki, alimpa nafasi kwenye ngazi, mbele ya mlango wa chumba cha ordinateri, na mlango wenyewe uliachwa wazi kwa sababu ya joto la watu.

"Nitaomba niiandike upya kabla ya kuitwa," Ornella akamnong'oneza. "Kuna mashini huru nyuma. Wakianzia kwa wengine nitamaliza."

Lakini Ornella anaitwa Aganze, jina la baba yake, na orodha ya shule huanzia A. Koko alimsikia assistant Honoré akikohoa, akisoma jina la kwanza, na jina la kwanza lilikuwa la mjukuu wake.

Ornella akatia flash. Mashini ikaikataa programu. Halafu kicheko cha wanafunzi, kwanza kimoja, halafu chumba kizima.

"Mademoiselle Aganze," ikasema sauti ya Honoré, na haikuwa sauti mbaya, "nani alikuandikia hii?"

"Secrétariat."

"Secrétariat!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Iko na muhuri ya bourgmestre wa commune?"

"Apeleke kwa padri aibariki!"

"Nyamazeni. Mademoiselle, ona. Mupigaji wako alitumia Word. Word inavalisha maneno koti na kravati. Compilateur anataka maneno yenye kuwa uchi. Ona hapa, mbele ya point-virgule. Unaona nini?"

"Nafasi. Hakuna kitu."

"Kuna kitu. Ni nafasi ya Kifaransa, Word iliitia yenyewe. Kwa macho iko tupu, kwa mashini haiko tupu. Ni herufi. Ndiyo hiyo inazurura."

Nje, kwenye ngazi, Koko akaitoa karatasi kwenye plastiki, akatazama zile nafasi. Alikuwa amepita juu yake zote kwa kidole. Alikuwa amemgusa yule mbuzi, mara nyingi, akamwacha.

"Assistant, niache niiandike upya. Najua ninachotaka kuandika. Niko nayo kwenye karatasi yangu."

"Andika, mashini ya nyuma iko huru. Lakini kwa cote, kwa alama..." Honoré akagusa orodha yake. "Jaribio ni moja. Sheria haikutoka kwangu, ilitoka kwa chef wa section. Nikikupa wewe la pili, bote bataomba, na mimi nitaulizwa. Miye pia ni mutoto wa watu hapa."

Majina mengine yakaitwa. Wengine walitoka wakirukaruka, wengine walitoka kimya. Koko aliweza kumwona Ornella kule nyuma kupitia mlango, mgongo tu na viwiko, akipiga kwa vidole viwili, anatafuta, anapata, anapiga. Hakuna aliyemtuma. Hakukuwa tena na cote ya kutafuta. Lakini aliendelea, na Koko, ambaye hakuwa na la kumsaidia hata kidogo, aliendelea kuketi, na kila kidole kilipoinuka kule ndani, punje ya rozari ilisogea huku nje.

Chumba kilipokuwa kimebaki na watu wachache, Ornella akaja mlangoni.

"Koko, ingia uone."

Sentineli akafanya kama hakuona. Koko akavua viatu vyenye tope, akaingia kwa miguu mitupu, akainama mbele ya kioo. Kilikuwa cheusi, hakina wekundu popote, na juu kabisa, kwa herufi ndogo nyeupe, palikuwa pameandikwa: Jambo Koko. Chini yake namba moja tu, jibu la hesabu ya duara.

"Niliweka hiyo tangu mwanzo," Ornella akasema. "Assistant alisema kila mutu achague maneno yake ya kusalimu."

"Jambo, mutoto wangu," Koko akaijibu mashini, kwa sababu anayesalimiwa huitikia.

Honoré alikuwa amesimama nyuma yao. "Inatembea," akasema. "Inatembea vizuri kabisa." Akaenda kuzima mashini nyingine.

Njia ya kurudi inapita mbele ya kibanda cha buluu. Koko alitaka wapite upande mwingine, lakini upande mwingine ulikuwa umejaa maji. Delphin akawaona, akatoka na kalamu sikioni.

"Koko Eulalie! Ile kazi ya mutoto, professeur alisema nini?"

Ornella akatazama chini. Koko akatazama mikono ya Delphin, mikono myembamba, safi, iliyompigia muzee Alphonse jina lake la mwisho bila kukosea herufi.

"Alisema hajaona ingine kama ile," akajibu.

"Si niliwaambia!" Delphin akapiga paja. "Nilisahihisha mengi mule. Hata nafasi mbele ya point-virgule. Vijana ya leo habajui."

"Habajui," akasema Koko.

"Ukileta ingine, Ornella, nitakufanyia ile ile."

"Merci, tonton," akasema Ornella.

Wakapanda mpaka nyumbani. Mezani termosi ilikuwa pale, na kile kikombe kilichojaa, chai yake imeota ngozi. Kabla Koko hajakaa, simu ikalia, na jina kwenye kioo chake kidogo lilikuwa la Christophe. Koko aliipokea nje, upande wa migomba, kwa muda mfupi. Ornella hakusikia yote aliyosema bibi yake. Alisikia tu "ndiyo", halafu "ndiyo, baba".

Koko akarudi ndani, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akalifungua. Akaanza kukunja nguo za Ornella, moja moja, akinyoosha kila kola kwa kiganja. Gauni la Jumapili. Vitenge viwili. Ile suruali ambayo padri haipendi. Mwishoni akachukua sweta ya kijani aliyoifuma mwenyewe mwaka ule Ornella alipopata kikohozi.

"Koko," Ornella akasema kutoka mlangoni, "Sange iko joto. Kule hakuna mutu anavaa sweta."

"Najua," akasema Koko Eulalie, akaikunja tena, mikono ndani, akaiweka juu ya zote.